Kabla hujakanyaga gati linaloelea, uliza limefungwa na nini

Ushawahi kushuka kwenye boti maji yakiwa yamekupwa? Sisemi kushuka ufukweni ukikunja suruali. Nazungumzia gati la zege, lile la ngazi. Maji yakijaa, unatoka kwenye boti kwa hatua moja kama mtu anayeshuka matatu stejini. Rudi baada ya saa sita. Boti ile ile iko chini kabisa, gati limegeuka ukuta, na ngazi uliyoipanda asubuhi ikiwa kavu sasa imevaa ukoga na mwani, pembeni chaza wamejipanga wakisubiri kukukata kama wembe. Nahodha anapiga kelele: "Shika hapa! Ruka sasa!" Boti inapanda na wimbi, inashuka, nawe una simu mkono mmoja na viatu mkono wa pili.

Kwenye ule upenyo kati ya boti na ngazi ndipo mguu hubanwa. Wewe ukiwa na miaka ishirini na kitu utaruka na kucheka. Mama mjamzito haruki. Nyanya yako haruki. Mwenye kiti cha magurudumu hata hafikirii kuja.

Tatizo ni kwamba bahari yetu haikai mahali pamoja. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa pale Mombasa hukaribia mita 4. Hiyo ni zaidi ya kimo cha ghorofa moja. Siku za maji mafu tofauti hupungua sana, kisha mzunguko unaanza tena. Gati la zege limejengwa kwa kimo kimoja. Bahari ina vimo vyake vya kila saa.

Dawa yake ni rahisi kuieleza: kama maji yamekataa kutulia, acha gati liende nayo. Ndilo gati linaloelea. Yakipanda linapanda, yakishuka linashuka, na boti iliyofungwa kando yake inabaki kwenye kimo kile kile cha mguu wako, iwe saa mbili asubuhi au saa nane mchana.

Na tukisema kuieleza, hebu nikupe moja ya bure. Kiswahili kina neno chelezo, kitu cha kuelea au cha kuelezea vyombo. Limetokana na kueleza, yaani kukifanya kitu kielee. Ndiyo, ni kitenzi kile kile mwalimu anachotumia akikueleza hesabu hadi ipande juu uione. Wazee wetu walikuwa na jina la kitu hiki kabla ya plastiki kufika pwani.

Kama uliwahi kuvuka daraja linaloelea la Liwatoni kule Mombasa, lile lililojengwa mwaka wa 2020 kwa gharama ya Sh1.9 bilioni, na ambalo lilikuwa likifunguliwa katikati ili meli zipite, ushatembea juu ya ndugu mkubwa wa kitu tunachokizungumzia. Hapa tunaongea kuhusu wadogo zake: majukwaa ya kufungia boti ndogo, mashua za watalii na jetski, yale unayoyaona ukienda kuchill kwenye hoteli za mikono ya bahari au kando ya maziwa. Mengine yameagizwa kutoka ng'ambo yakiwa vipande vya plastiki vya kupachikana kama vitu vya kuchezea watoto. Mengine yametengenezwa na fundi wa jua kali kwa mapipa na mbao. Yote yanaelea. Kuelea si kazi, hata chupa ya soda inaelea. Kazi ni kuelea na kubaki pale pale, ukiwa wima, umebeba watu.

Hesabu ya mapipa

Kanuni haijabadilika tangu enzi za Archimedes: kila lita moja ya maji ambayo gati linaisukuma kando inabeba kilo moja hivi. Maji ya chumvi yanakuongezea kidogo, kama gramu 25 kwa kila lita, lakini usiyategemee.

Chukua pipa la lita 200, lile la kuhifadhia maji mtaani. Likizamishwa lote linabeba karibu kilo 200. Nani lakini anataka gati ambalo mapipa yake yamezama yote? Fundi mwenye akili hupanga nusu tu ya pipa iwe majini. Sasa tuseme mna mapipa manane chini ya jukwaa la mita tatu kwa tatu. Uwezo wote ni kilo 1,600, lakini ule wa kufanyia kazi ni 800. Toa uzito wa mbao, fremu na mapipa yenyewe, tuseme kilo 350. Umebaki na 450. Gawa kwa mtu wa kilo 70: watu sita.

Sita! Na wewe umekuja na mbogi ya watu ishirini mnaotaka kupiga video juu yake jua likitua. Ishirini ni kilo 1,400, ukiongeza zile 350 umefika 1,750. Gati hilo linazama, na halizami polepole likikuomba msamaha.

Tena halihitaji watu ishirini kuleta noma. Wale sita wakisimama wote ukingo mmoja kwa ajili ya picha, uzito wote umeenda upande mmoja, mapipa ya upande ule yanazama, ya upande wa pili yanatoka majini, na jukwaa linainama kama meza yenye miguu mitatu. Ndiyo maana gati pana hutulia kuliko jembamba hata kama yana mapipa sawa. Upana ndio unaolizuia kupinduka.

Yale ya vipande vya plastiki yana hesabu yake pia. Kipande kimoja cha kawaida kina upana wa sentimita 50 kwa 50 na kimo cha sentimita 40, kwa hivyo ujazo wake ni lita 100. Vinne vinafanya mita moja ya mraba, na wauzaji wengi huandika kwamba eneo hilo linabeba kilo 350 hivi. Plastiki yenyewe ni polithini ngumu, jamii ile ya mitungi ya kubebea maji. Haili kutu na chumvi haiisumbui. Jua letu ndilo adui, kwa hivyo ile nzuri huchanganywa na dawa ya kuzuia miale. Isiyo na dawa utaijua: imepauka, na ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga.

Kuna jambo moja kuhusu mapipa ambalo wengi hulipuuza. Pipa lililopasuka kidogo na kuingiza maji nusu ni hatari. Gati likiinama, maji yale ya ndani yanakimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Ndiyo sababu watengenezaji wengine hujaza ndani povu la plastiki, lile jeupe linalokuja kwenye boksi la TV. Wazo si baya, mradi povu lifunikwe kabisa. Likiachwa wazi linamegeka punje punje, samaki wanazila, ufuo unakuwa mweupe kwa takataka. Jimbo la Washington kule Marekani lilichoshwa na mambo hayo hadi likapitisha sheria mwaka wa 2023 ya kukomesha magati ya povu. Mkikaa chini kuunda lenu, msianze pale wenzetu wanapotoka.

Kinachofichwa na maji

Sasa twende chini, kusikoonekana kwenye picha.

Mwaka wa 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill aliandika agizo fupi akitaka yaundwe magati ya kutumika kwenye fuo zisizo na bandari. Aliagiza yapande na kushuka pamoja na maji, na akasema wazi kwamba tatizo la nanga ni lazima lipatiwe ufumbuzi. Fikiria, mtu ana vita vya dunia nzima kichwani na bado anawaza nanga ya gati!

Miaka miwili baadaye, baada ya majeshi kutua Normandy nchini Ufaransa Juni 6, 1944, vipande vya bandari mbili za kuundwa vilivutwa kutoka Uingereza kuvuka bahari. Jina lake la siri lilikuwa Mulberry. Moja iliwekwa Omaha kwa ajili ya Wamarekani, nyingine Arromanches kwa Waingereza, zote zikiwa na barabara za chuma zilizolala juu ya maboya makubwa. Kisha Juni 19 dhoruba ikaanza, ikapiga kwa siku tatu hivi. Ile ya Omaha ikavunjikavunjika, ikaachwa. Ile ya Arromanches iliumia lakini ikatengenezwa, ikaendelea kupokea mizigo kwa miezi. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba kule Omaha vipande vinavyoelea havikuwa vimetiwa nanga sawasawa.

Gati la jetski Mtwapa si bandari ya vita, sawa. Ila kusi likianza kuvuma, upepo hauulizi ukubwa wa gati lako.

Kuna njia mbili kuu za kulifunga. Ya kwanza ni nguzo zilizokitwa chini ya bahari, gati likazishika kwa pete au magurudumu na kuteleza juu na chini. Ni njia imara na gati halitangitangi. Lakini nguzo lazima iwe ndefu kuliko maji ya bamvua kubwa kabisa pamoja na wimbi lake. Ikiwa fupi, siku moja gati linapanda hadi kileleni, linachomoka na kwenda zake. Nguzo ilijengwa kwa maji ya kila siku, na maji ya siku ile hayakuwa ya kila siku.

Njia ya pili ni minyororo na mawe ya zege, na hapa ndipo watu hudanganyana. Utasikia mtu akijisifu kwamba amelifunga gati kwa jiwe la kilo 100. Likishazama, maji yanaliinua. Zege lililo chini ya maji hubaki na kama asilimia 58 tu ya uzito wake, kwa hivyo jiwe lako la kilo 100 sasa linavuta kama la kilo 58. Rimu ya lori iliyojazwa zege inaonekana ya kutisha ikiwa juu ya mchanga. Ikiwa chini inaburutwa.

Urefu wa mnyororo nao ni hesabu ya bamvua. Ukiwa mfupi, maji yakijaa unalivuta gati kwa chini, kona moja inazama au jiwe linanyanyuka. Ukiwa mrefu kupita kiasi, maji yakikupwa gati linazurura hadi linagonga miamba au boti ya jirani. Mnyororo mzuri huteremka kwa mteremko mrefu na kulala kidogo juu ya mchanga kabla ya kufika kwenye jiwe, ili wimbi likija uzito wake unyanyuke na kurudi kama springi badala ya kukatika ghafla. Na sehemu inayolika upesi ni hiyo hiyo inayolala na kunyanyuka, ikisuguliwa na mchanga usiku na mchana. Ukiwa juu huwezi kuiona. Lazima mtu apige mbizi na kuishika kwa mkono. Ukikodisha jetski mahali, uliza swali moja tu: mnyororo ulikaguliwa lini? Si lazima wakupe tarehe kamili. Utasikia kwenye sauti yao kama swali hilo washawahi kuulizwa.

Daraja dogo la kuingilia

Umefikiria gati, umefikiria nanga, umesahau utafikaje huko. Kati ya nchi kavu na gati kuna daraja dogo, upande mmoja limefungwa kwa bawaba, upande wa pili linakaa juu ya gati kwa magurudumu ili liweze kuteleza. Tofauti ya maji ikiwa mita 4 na daraja likiwa na urefu wa mita 12, basi maji yakikupwa kabisa unatembea kwenye mteremko wa moja kwa tatu. Huo ni sawa na kutembea juu ya paa la mabati. Likiwa na mita 24, mteremko unapungua hadi moja kwa sita, na mtu mwenye mkongojo anaweza kujaribu.

Marekani, sheria yao ya haki za walemavu inazungumzia madaraja haya waziwazi: mteremko uwe mdogo, la sivyo daraja liwe na urefu wa futi 80, yaani mita 24 na kitu. Huku kwetu daraja hili ndilo mara nyingi hukatwa bajeti ikibana, kwa sababu kwenye picha ya tangazo maji huwa yamejaa na kila kitu kiko sambamba.

Jetski haina breki

Wacha nikuambie kitu ambacho huenda jamaa wa kukodisha asikuambie, kwa sababu ana wateja watano kwenye foleni. Kwanza, Jet Ski ni jina la biashara la Kawasaki ya Japani, sisi tumelifanya la kila pikipiki ya majini kama tulivyofanya kwa vitu vingine vingi. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: chombo hiki huvuta maji kutoka chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na usukani hugeuza tu ule mrusho wa maji. Ukiachilia mafuta, hakuna mrusho. Hakuna mrusho, hakuna usukani. Modeli kadhaa mpya zimewekewa breki na usaidizi wa kukata kona, ila usibahatishe kwamba uliyopewa ni mojawapo.

Sasa piga picha: unarudi gatini kwa kasi, unaona umekaribia, unaingiwa na hofu, unafanya kile ambacho kila dereva wa gari angefanya. Unaachilia mafuta na kukata kona. Jetski haikati kona. Inaendelea mbele moja kwa moja na kilo zake 300 hadi 400, pamoja na wewe juu yake, hadi ukingo wa gati ambako rafiki yako amekaa akining'iniza miguu majini.

Kwa hivyo mwendo unapunguzwa mbali, si karibu. Na hakuna mtu wa kuning'iniza miguu upande ambao vyombo vinaingilia. Ile kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi la kuokoa maisha, si kuning'inizwa kwenye usukani kama pambo.

Gati la jetski lenyewe, lile zuri, lina umbo la kipekee. Katikati limebonyea kama hori la kulishia ng'ombe, mbele kuna mdomo ulioinama hadi majini, na mengine yana magurudumu madogo. Unakuja polepole, pua inapanda mdomoni, unaongeza mafuta kidogo tu, chombo chote kinapanda na kukaa juu, kikavu. Unashuka hata viatu havijalowa. Faida si starehe peke yake. Chombo kinachokaa majini kila siku huota mwani na chaza chini ya tumbo, kinakuwa kizito, kinakula mafuta. Ukikivuta juu ya mchanga badala yake, mchanga unaingia kwenye tundu la kuvutia maji na kukwangua pangaboi la ndani. Fundi atakuita bosi siku hiyo.

Usisahau ngazi. Namaanisha ngazi ya kutokea majini, inayofika chini angalau vipawa viwili vitatu chini ya uso wa maji. Ukingo wa gati la plastiki huwa juu ya maji kwa sentimita 30 na zaidi. Ukiwa na nguvu zako na jaketi, jaribu kujivuta juu yake bila kitu cha kukanyaga, halafu mfikirie mtu aliyechoka na asiyejua kuogelea. Mtu anaweza kuzama akiwa ameshika gati.

Ziwani, mambo ni tofauti

Wewe wa Kisumu, Naivasha au Baringo unaweza kusema haya ya bamvua hayakuhusu. Kweli, ziwa halijai na kupwa kila siku. Ziwa huchukua miaka, kisha linakuja kwa mkupuo. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Maziwa ya Bonde la Ufa nayo yalipanda hadi hoteli zikazama; Soi Safari Lodge pale Kampi ya Samaki, Baringo, iliingia majini. Mtaa wa Kihoto, Naivasha, watu walijikuta wakitoka nyumbani kwa boti. Magati ya nguzo yaliyokuwa juu ya ziwa yakawa chini ya ziwa.

Gati linaloelea halizami kwa sababu ya ziwa kupanda. Lakini lina shida yake ya kienyeji, na sioni wengi wakiiwaza: ufuo ukiwa tambarare, ziwa likipanda mita moja, maji yanaingia nchi kavu makumi ya mita. Gati lako bado linaelea vizuri sana, huko mbali, katikati ya maji. Daraja halifiki. Kwa hivyo la ziwani lijengwe la kuhamishika, kwa vipande vya kufungulika, na minyororo yenye ziada. Ukiongeza magugumaji ya Victoria, yanayosukumwa na upepo yakaja kama uwanja mzima wa mpira na kuegemea gati, utaona kwamba nanga ya ziwani haistahili kuwa nyepesi kuliko ya baharini.

Kuna hatari nyingine inayopenda maji yasiyo na chumvi: umeme. Hoteli inataka taa nzuri gatini, soketi ya kuchaji simu, spika ya wikendi. Waya unachubuka kwa kuwa gati halitulii, umeme unavuja majini. Katika maji ya chumvi, chumvi yenyewe hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wako. Katika maji ya ziwa ni kinyume: mwili wako ndio njia nzuri zaidi, na umeme unaupitia. Kiasi kidogo tu kinatosha kukaza misuli usiweze kuogelea. Kinachoonekana kutoka juu ni mtu anayezama bila kelele, na rafiki anayeruka kumwokoa anapatwa na yale yale. Ukiwahi kuhisi mwasho au mitetemo ukiogelea karibu na gati lenye taa, geuka uondoke kwa ulikotoka, usishike gati. Ukiwa juu, zima umeme kwanza, rusha kitu kinachoelea, usijitose. Na mwenye gati afunge swichi inayokata umeme wenyewe ukianza kuvuja. Si kifaa cha anasa.

Kuna kazi hapa?

Kuna kazi, na si ya kukodisha jetski peke yake, ambayo kila mtu anaikimbilia. Katika fuo zisizo na gati abiria bado wanabebwa mgongoni hadi kwenye boti. Wavuvi wanashusha samaki wakiwa ndani ya maji kiunoni. Kikundi cha vijana chenye fundi wa kuchomelea, mpiga mbizi na mtu anayejua hesabu kinaweza kuunda gati dogo la mapipa na kulihudumia.

Plastiki yenyewe iko. Pale Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Kama plastiki hiyo inaweza kuwa ubao wa jahazi linalovuka bahari, inaweza kuwa sakafu ya gati, na hivyo mikoko ikapumzishwa.

Makaratasi yapo, sikufichi. Ujenzi wa ufukweni unapitia kwa NEMA. Vyombo vyenyewe na wanaoviendesha wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA. Kwenye hifadhi za bahari kuna KWS. Kaunti ina yake, na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kina neno kuhusu ufuo wake. Anza na hao wa mwisho, maana ndio wanajua mkondo unapita wapi na mwamba uko wapi maji yakikupwa. Ramani nyingi hazijui.

Na kama mpango wako ni wikendi tu, jetski na picha, tafuta kwenye simu jedwali la kujaa na kupwa la siku hiyo. Fika saa maji yakiwa yamekupwa kabisa, usije yakiwa yamejaa. Tazama mteremko wa lile daraja dogo. Tazama kama gati limelala sawa au kona moja imezama, kama kuna ngazi ya kutokea majini, kama nguzo zina ziada juu ya alama ya maji makuu. Kisha ndio uulize bei.